KUTOKA 'KUTAKA' HADI 'KUTAKUWA': Kitenzi 'will' katika lugha za Kigermaniki na mafunzo yake kwa msomaji wa Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi huandika katika insha yake: "Mvua ilitaka kunyesha, nasi tukaharakisha kurudi nyumbani." Daftari hurudi likiwa na mstari mwekundu chini ya neno 'ilitaka' na swali pembeni: "Mvua ina hamu?" Hoja ya mwalimu wa aina hii ni kwamba kutaka ni tendo la kiumbe mwenye akili, na kwamba mawingu hayana akili. Katika somo la fasihi, mambo hugeuka. Mwanafunzi yule yule akikutana na maneno "jua lilitaka kutua" katika riwaya, huandika haraka kwamba mwandishi ametumia tashihisi, akatarajia alama. Basi sentensi ya aina moja huhesabiwa kuwa kosa katika insha na pambo katika riwaya. Je, hukumu hizi mbili zinaweza kusimama pamoja?

Makala haya yanashikilia kwamba zote mbili zimekosa shabaha. Kitenzi chenye maana ya kutaka kina mazoea ya kuacha moyo wa binadamu na kuwa chombo cha sarufi, na Kiswahili si lugha pekee iliyopitia njia hiyo. Ili kulithibitisha hilo, tutakifuata kitenzi ambacho kila mwanafunzi wa Kenya amekutana nacho katika Kiingereza, yaani 'will', pamoja na ndugu zake katika lugha za Kigermaniki. Kisha tutarejea kwa '-taka' na '-ta-' na kuona mafunzo yanayopatikana kwa mwalimu na mtahiniwa.

Ukoo wa kitenzi hiki

Ni muhimu kwanza kutofautisha Kijerumani na Kigermaniki. Kijerumani ni lugha moja inayozungumzwa Ujerumani, Austria na sehemu kubwa ya Uswisi. Kigermaniki ni jina la ukoo mzima. Ndani ya ukoo huo mna Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi, Kiafrikana, Kiswidi, Kidenmaki, Kinorwe na Kiaislandi, bila kusahau lugha zilizokufa kama Kigothi. Uhusiano wao ni kama ule uliopo baina ya Kiswahili, Kigiryama, Kikamba na Kigikuyu: lugha mbalimbali zilizotoka katika asili moja na ambazo bado zinafanana katika msamiati na maumbo.

Kitenzi tunachokizungumzia kimo karibu katika zote. Kiingereza kina 'will', Kijerumani 'wollen', Kiholanzi 'willen', Kiafrikana 'wil', Kiswidi na Kiaislandi 'vilja', Kidenmaki na Kinorwe 'ville'. Katika Kigothi, lugha ambayo Askofu Wulfila aliitafsiria Biblia katika karne ya 4, kilikuwa 'wiljan'. Hati maarufu ya tafsiri hiyo imehifadhiwa hadi leo mjini Uppsala, Uswidi, nayo hutupa ushahidi wa zamani sana wa kitenzi hiki.

Tukipanda ngazi moja juu ya ukoo huu, tunafika kwenye familia kubwa ya lugha za Kihindi-Kiulaya. Huko tunakuta Kilatini kikiwa na kitenzi 'velle', kutaka, kilichotokana na mzizi huo huo. Kutokana na Kilatini hicho Kifaransa kilipata 'vouloir', na Kiingereza kikakopa maneno kama 'volunteer', mtu afanyaye jambo kwa hiari yake. Kwa hiyo Kiingereza kina watoto wawili wa mzizi mmoja: mmoja wa kurithi, 'will', na mwingine wa kukopa. Maana ya msingi ya mzizi huo ilikuwa kutaka, kupenda au kuchagua. Wataalamu wengi hulihusisha hata neno 'well', vizuri, na mzizi huu. Jambo lililo vizuri ni lile lililotokea kama ulivyopenda.

Umbo la adabu

Kuna jambo dogo katika sarufi ya 'will' ambalo wanafunzi hulikariri bila kuuliza sababu. Vitenzi vya Kiingereza huongezewa '-s' katika nafsi ya tatu umoja, wakati uliopo. Hata hivyo, hatusemi 'he wills' tunapozungumzia wakati ujao. Kwa nini?

Jibu limo katika historia. Katika Kigermaniki cha kale, kitenzi hiki hakikunyambuliwa kama vitenzi vya kawaida vya kuarifu. Maumbo yake ya wakati uliopo yalitokana na umbo la kutakia, yaani lile linalotumiwa kueleza matamanio badala ya habari. Kigothi kinaonyesha jambo hili waziwazi, kwani viishio vya 'wiljan' katika wakati uliopo ni vile vile vya umbo la kutakia. Kwa maneno mengine, watu wa kale hawakusema moja kwa moja "nataka". Walisema kitu kilicho karibu na "ningetaka" au "ningependa".

Mswahili hahitaji kuelezwa sana juu ya hili. Mgeni aliyelelewa vyema hafiki nyumbani kwa mtu akasema "Nataka maji." Atasema "Naomba maji" au "Ningependa maji kidogo." Nguvu ya kutaka hupunguzwa kwa umbo la sarufi. Wasemaji wa Kigermaniki walifanya hivyo kwa muda mrefu hadi umbo la adabu likawa ndilo umbo la kawaida, na adabu yenyewe ikasahauliwa. Baadaye Waingereza walihitaji adabu mpya, wakaitafuta katika 'would', umbo la wakati uliopita la kitenzi hicho hicho. Tunachojifunza ni kwamba maumbo ya heshima huchakaa kwa kutumiwa, kama sarafu inavyopoteza picha yake, na wasemaji hulazimika kutengeneza mengine.

Ndugu walivyoachana njia

Ingawa kitenzi ni kimoja, kazi yake leo si moja. Hapa ndipo wanafunzi wa lugha za kigeni huteleza.

Katika Kijerumani, 'ich will kommen' maana yake ni "nataka kuja". Si ahadi kwamba msemaji atakuja. Mwanafunzi aliyezoea Kiingereza husikia "nitakuja", akaandaa chakula, na mgeni asionekane. Mjerumani anapotaka kusema "nitakuja" hutumia kitenzi kingine, 'werden', ambacho maana yake ya asili ni kuwa au kugeuka kuwa. Husema 'ich werde kommen', kana kwamba anasema "nageuka kuwa mtu wa kuja". Kiholanzi nacho kimehifadhi maana ya kutaka katika 'willen', na kwa wakati ujao hutumia 'zullen', ndugu wa 'shall' ya Kiingereza. Kiswidi kinafanana na Kijerumani kwa kuwa 'jag vill' ni "nataka". Kidenmaki na Kinorwe vimesimama katikati: 'vil' huweza kuwa kutaka au wakati ujao, na msikilizaji huamua kwa kutazama muktadha.

Kijerumani kimekwenda mbali zaidi kwa njia inayofaa kutajwa. Sentensi 'er will krank gewesen sein' haisemi kwamba mtu fulani anataka kuwa alikuwa mgonjwa. Maana yake ni "anadai kuwa alikuwa mgonjwa". Anataka tuamini hivyo, ingawa msemaji mwenyewe hasadiki. Kutaka kumekuwa kudai, na ndani ya kitenzi kimoja tu mna shaka ya msimulizi. Mhakiki wa fasihi atatambua mara moja thamani ya chombo kama hiki katika usimulizi.

Aidha, tumtaje ndugu jirani, 'shall', kwa kuwa historia yake huangaza hii. Kitenzi hicho hapo awali kilihusu kuwiwa au kupaswa. Kijerumani bado kina 'sollen', kupaswa, na nomino 'Schuld', yenye maana ya deni na pia hatia. Hivyo basi, lugha za Kigermaniki zilipotafuta namna ya kuzungumzia kesho, zilichukua maneno matatu ya maisha ya kila siku: tamaa, deni na mageuko. Ijayo ni ile ninayoitaka, au ninayodaiwa, au ninayogeuka kuwa.

Kiingereza: kutaka kunavyogeuka wakati

Katika Kiingereza cha kale, 'willan' kilimaanisha kutaka. Hata hivyo, anayesema anataka kufanya jambo huwa, mara nyingi, ameazimia kulifanya, na aliyeazimia huenda akalifanya. Polepole msikilizaji akaanza kusikia azma mahali pa tamaa, kisha utabiri mahali pa azma.

Mabadiliko haya hayakutokea kwa siku moja. Katika tafsiri ya Biblia inayohusishwa na John Wycliffe, ya mwishoni mwa karne ya 14, wakati ujao wa Kilatini kwa kawaida ulitafsiriwa kwa 'shall', ilhali 'will' iliwekwa pale Kilatini kilipokuwa na kitenzi cha kutaka. Watafsiri hao bado waliisikia tamaa ndani ya 'will'.

Mwaka 1653, John Wallis alichapisha sarufi ya Kiingereza iliyoandikwa kwa Kilatini, na ndani yake akaweka kanuni iliyowasumbua wanafunzi kwa vizazi vingi. Alieleza kwamba katika nafsi ya kwanza 'shall' hutabiri tu, na 'will' huahidi au kutisha. Katika nafsi ya pili na ya tatu kazi hizo hubadilishana. Kanuni hii huonekana kama kitendawili, lakini ina mantiki ndani yake. Mimi ninaujua moyo wangu. Nikitumia neno la kutaka juu yangu mwenyewe, nimetoa ahadi. Moyo wa mwingine siujui, kwa hiyo neno hilo hilo likitumiwa juu yake hubaki kuwa ubashiri.

Kuna kichekesho cha zamani kinachosimuliwa kuhusu kanuni hiyo. Mgeni asiyeijua alianguka mtoni, akapiga kelele kuwa anazama na hakuna wa kumwokoa. Kwa kuwa alichanganya 'will' na 'shall', watu waliokuwa ukingoni walisikia: "Nimeazimia kuzama, na mtu asithubutu kuniokoa!" Wakamwacha, kwa kuheshimu matakwa yake. Kichekesho hiki kinakejeli wanasarufi, lakini kinaonyesha pia jinsi tamaa ya kale ilivyoendelea kuishi chini ya wakati ujao. Leo wasemaji wengi wa Kiingereza hawaifuati kanuni hiyo, na 'will' hutumiwa kwa nafsi zote.

Kitenzi kilipogeuka kuwa cha sarufi, umbo lake pia lilipungua. 'I will' ikawa 'I'll', konsonanti moja tu iliyogandamana na kiwakilishi. Ukanusho 'won't' nao umehifadhi umbo la kale lenye irabu 'o', yaani 'wol', ambalo halionekani tena peke yake. Hii ni tabia ya kawaida katika mchakato ambao wanaisimu huuita usarufishaji: neno kamili hupoteza maana nzito, huanza kutumiwa mahali pengi, kisha hufupishwa na hatimaye hushikamana na neno jingine.

Swali linalozuka hapa ni hili: Waingereza walipolifanya neno lao la kutaka kuwa alama ya wakati, walibaki na neno gani la kueleza tamaa? Walilazimika kutafuta jingine. Hilo ni 'want', nalo halina undugu na 'will'. Lilitoka katika lugha ya Waskandinavia waliohamia Uingereza, na maana yake ya asili ni kukosa au kupungukiwa. Kiingereza kililipokea takriban mwaka 1200, likiwa bado na maana ya kukosa. Maana ya kutaka ilikuja kuenea katika karne ya 18. Njia yake inaeleweka kwa urahisi, kwani mtu hutaka kile alichokikosa. Wahenga wetu waliuona uhusiano huu kutoka upande wa pili waliposema kwamba mtaka yote hukosa yote.

Vitu visivyo na roho

Ishara kubwa kwamba kitenzi cha kutaka kimeanza safari ya sarufi ni aina ya kiima kinachokubaliwa nacho. Mwanzoni kiima ni mtu. Baadaye ni mnyama, na hatimaye mti, jua, mvua na mlango.

Kijerumani, ambacho tumesema kimehifadhi maana ya kutaka, kina usemi 'die Wunde will nicht heilen', kidonda hakitaki kupona. Mwingereza akisukuma mlango usiofunguka husema 'the door won't open'. Je, Mswahili husemaje? Husema "mlango umekataa kufunguka". Gari huwa limekataa kuwaka na kuni huwa zimekataa kushika moto. Hakuna anayedhani kwamba kuni zimekaa kikao zikaamua. Msemaji ameuchukua ule ukinzani anaoufahamu kwa binadamu mkaidi akautia katika kitu kinachomshinda.

Tukirudi kwa '-taka', mambo ni yale yale. "Mti unataka kuanguka", "mtungi unataka kuvunjika", "jua linataka kutua": katika sentensi hizi '-taka' ina maana ya kukaribia kutendeka. Huu ni Kiswahili cha wenyeji, hauna asili ya Kiingereza wala wa Sheng. Mwalimu anayeipiga mstari "mvua ilitaka kunyesha" anakikataa kitenzi ruhusa ya kufanya kazi ambayo wenyeji wenyewe wamekipa.

Kiswahili: kutoka '-taka' hadi '-ta-'

Wataalamu wengi wa isimu historia wanakubaliana kwamba kiambishi cha wakati ujao '-ta-' kimetokana na kitenzi '-taka'. Mwanafunzi anaweza kulipima dai hili kwa ushahidi ulio mkononi mwake.

Ushahidi wa kwanza ni ukaribu wa sentensi zenyewe. Linganisha "ataka kula", iliyo na maana ya "anataka kula", na "atakula". Kilichopotea ni silabi moja tu, '-ka'.

Ushahidi wa pili ni 'ku-' inayosalia katika vitenzi vya silabi moja. Twasema "nitakula", "nitakunywa", "utakuja". Hiyo 'ku-' ni ile ya kitenzi-jina. Inaashiria kuwa hapo zamani sehemu iliyotangulia ilikuwa neno lililojitegemea na kufuatwa na "kula", "kunywa" au "kuja". Linganisha na "ale", "anywe" na "aje", ambamo hakuna kitenzi cha awali kilichomezwa, na kwa hiyo hakuna 'ku-' iliyobaki.

Ushahidi wa tatu ndio mzito zaidi. Chukua sentensi "mgeni atakuja" uitie kirejeshi. Hupati "mgeni ataye kuja". Unapata "mgeni atakayekuja". Silabi '-ka-' iliyokuwa imetoweka imerudi, au kwa usahihi zaidi, haikuwahi kuondoka. Imehifadhiwa mbele ya kirejeshi, mahali ambapo ilibeba mkazo na hivyo ikaepuka kumezwa. "Nitakapofika", "vitabu watakavyosoma", "njia tutakayopita": kila mara tunapotumia maumbo haya twatamka kitenzi '-taka' kizima bila kujua.

Ndiyo maana methali "Atakaye cha mvunguni sharti ainame" ina mafunzo ya sarufi pia. 'Atakaye' hapa ni yule anayetaka, si yule wa wakati ujao. Umbo ni moja na kazi ni mbili. Kinachotusaidia kuamua ni kile kinachofuata: kikifuatwa na shina la kitenzi, kama katika 'atakayeinama', ni wakati ujao, kikisimama na yambwa yake, ni kutaka kwenyewe. Mtahiniwa aliyeulizwa achanganue 'atakaye' bila kutazama sentensi nzima yumo hatarini.

Je, Kiswahili kiliiga Kiingereza? Hasha. Kiambishi '-ta-' kilikuwapo kabla ya Waingereza kufika pwani yetu. Wala lugha hizi mbili hazina undugu, kwa kuwa moja ni ya Kibantu na nyingine ni ya Kigermaniki. Kigiriki cha leo huunda wakati ujao kwa neno 'tha', ambalo pia limetokana na kitenzi chake cha kutaka, 'thelo'. Ufanano wa sauti baina ya 'tha' na '-ta-' ni sadfa tupu, na haufai kujengewa nadharia ya ukoo. Ufanano wa njia, hata hivyo, si sadfa. Wanadamu wa mahali mbalimbali, wakikabiliwa na kesho ambayo hawajaiona, waliizungumzia kwa kutumia kitu cha karibu walichokijua, yaani matakwa yao.

Nomino 'will' na mtihani wa mfasiri

Kiingereza hakikupoteza tamaa ya 'will' yote. Ilibaki katika nomino. 'Will' ni utashi, hiari, nia au matakwa. Katika maandishi ya dini, Kiswahili huliita jambo hilo 'mapenzi', hasa likiwa ni la Mungu. Zaidi ya hayo, 'will' ni wosia, yaani matakwa ya mtu yanayoendelea kusema baada ya mwenyewe kunyamaza. Hata majina yanalihifadhi. William ni muungano wa maneno mawili ya kale, la utashi na la kofia ya vita. Wilfred ni utashi na amani. Na Wilson, jina tunalokutana nalo katika madarasa mengi ya Kenya, ni mwana wa Will.

William Shakespeare hakulifumbia macho jina lake. Katika soneti zake za 135 na 136, zilizochapishwa mwaka 1609, alilichezea neno 'will' kama jina lake, kama tamaa na kama utashi. Katika soneti ya 135 pekee linajitokeza zaidi ya mara kumi.

Mfano unaotufaa zaidi umo katika tamthilia yake ya 'The Merchant of Venice', ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa jina la 'Mabepari wa Venisi' (1969). Porshia ni binti tajiri aliyefiwa na baba. Marehemu ameacha sharti kwamba mchumba atapatikana kwa kuchagua kati ya masanduku matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi. Mapema katika mchezo, Porshia analalamika kwamba matakwa ya binti aliye hai yamefungwa na wosia wa baba aliyekufa. Katika Kiingereza, matakwa yale na wosia ule ni neno moja, 'will'. Mgogoro mzima wa msichana umebanwa ndani ya silabi moja: utashi dhidi ya utashi, wa aliye hai dhidi ya wa aliyezikwa.

Kiswahili kina maneno mawili hapa. 'Matakwa' ni ya Kibantu, na 'wosia' lina asili ya Kiarabu. Mfasiri yeyote hulazimika kuupoteza mchezo wa maneno au kubuni njia nyingine ya kuufidia. Huu si udhaifu wa Kiswahili, kwa kuwa Kiingereza nacho hushindwa kinapokutana na 'atakaye' yenye sura mbili. Kila lugha ina mahali ambapo historia yake imeunganisha maana zilizo mbali, na hapo ndipo watunzi wake hupenda kuchota.

Mafunzo kwa mwalimu na mtahiniwa

Kwanza, tusiihukumu '-taka' yenye kiima kisicho na uhai kuwa kosa. "Nyumba inataka kubomoka" ni sentensi sahihi. Kinachofaa kukosolewa ni matumizi yasiyoeleweka, si kitenzi chenyewe.

Pili, tusiwe wepesi kuiita tashihisi. "Jua lilitaka kutua" ni sarufi ya kawaida. Kama kulikuwa na tashihisi hapo awali, sasa imekuwa sitiari mfu. Hebu tuilinganishe na sentensi hii: "Jua lilitaka kutua, likasita kidogo juu ya kilima, likakitazama kijiji kama mdai asiyetaka kuondoka mikono mitupu." Hapa mwandishi ameifufua sitiari iliyokufa kwa kulipa jua macho, kusita na madai. Hii ni tashihisi, na mtahiniwa anaweza kuitetea kwa kutaja maneno yaliyoijenga. Kipimo basi ni hiki: je, mwandishi ameongeza sifa za kibinadamu zaidi ya kile ambacho sarufi inampa kila msemaji bure?

Tatu, tahadhari na "alitaka kufa". Katika masimulizi, "mgonjwa alitaka kufa" huweza kumaanisha kuwa nusura afe. Mtahiniwa anayejenga hoja kwamba mhusika alikata tamaa ya maisha na kutamani kifo, kwa ushahidi wa maneno haya pekee, amembebesha mhusika jambo zito ambalo matini haikulisema. Lazima atazame matukio yanayozunguka.

Nne, '-ta-' haina kazi moja. "Nitakulipa" ni ahadi ikitamkwa na mdeni. "Utanitambua" ni tisho. "Atakuwa amefika sasa" ni kisio juu ya jambo la wakati huu, kama Mjerumani anavyotumia 'werden' yake kukisia na Mwingereza 'will' yake. Ukiulizwa kubainisha matumizi ya '-ta-', kuandika "wakati ujao" peke yake ni kujibu nusu ya swali. Katika uhakiki, chunguza ni nani anayesema, juu ya nafsi ipi, na ana uwezo gani wa kulitimiza analolisema. Kiongozi anayejaza hotuba yake '-ta-' nyingi bila '-me-' hata moja amejieleza tabia yake kwa viambishi.

Tano, katika tafsiri, 'will' isigeuzwe '-ta-' kila mahali. Huenda muktadha ukadai '-taka', '-kubali', '-azimia', 'hu-' ya mazoea, au '-kataa' ikiwa imekanushwa.

Hitimisho

Kitenzi 'will' na ndugu zake walianza wakiwa na maana moja. Wengine wamebaki na tamaa yao, mmoja amekuwa alama ya wakati, na wengine wamesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Kiswahili, bila kufundishwa na yeyote kati yao, kilichukua '-taka' kikaunda '-ta-', kisha kikaendelea kukitumia kitenzi chenyewe kwa watu na kwa mawingu. Mwanafunzi anayelifahamu hilo hatakariri viambishi kama orodha isiyo na sababu, na mwalimu anayelifahamu atafikiri mara mbili kabla ya kuipiga mstari mwekundu mvua inayotaka kunyesha.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti ya 'atakaye' katika "Atakaye kitabu aje" na "Atakayekuja apewe kitabu".
2. Kwa kutoa mifano yako mwenyewe, onyesha hatua ambazo kitenzi cha kutaka hupitia hadi kuwa alama ya wakati ujao.
3. "Gari limekataa kuwaka." Je, hii ni tashihisi? Tetea jibu lako.
4. Chagua mazungumzo ya wahusika wawili katika kitabu teule unachokisoma. Bainisha kila '-ta-' kama ni ahadi, tisho, kisio au utabiri, kisha ueleze yanayodhihirika kuhusu uhusiano wao.